Kitunguu kinavuka mpaka, kitabu kinabaki ghalani

Gunia la vitunguu likitoka mashamba ya Mang'ola, wilayani Karatu, halikawii kufika Nairobi. Mnunuzi anajulikana, bei inaulizwa kwa simu, gari lipo na karatasi za Namanga zimezoeleka. Kitabu cha hadithi kilichochapishwa Dar es Salaam hakina bahati hiyo. Msomaji wa Kisumu, Kampala au Bujumbura anayekitaka mara nyingi hukipata kupitia ndugu aliyesafiri, au hakipati kabisa. Lugha ni moja, barabara ni ile ile, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Bado bidhaa hii imekwama.

Wanaoumia kwanza ni wachapishaji wadogo wanaojitegemea. Hawa si wapiga chapa. Mpiga chapa ana mashine na hulipwa akimaliza kazi. Mchapishaji ndiye anayeuchagua muswada, akamlipa mhariri, mpangaji wa kurasa na mchoraji wa jalada, akamlipa huyo mpiga chapa, halafu akakaa kusubiri wasomaji. Hatari yote ya biashara ni yake. Kampuni nyingi za aina hii katika ukanda huu zina wafanyakazi wachache, ofisi ya kupanga na stoo moja. Hazina kampuni mama Ulaya ya kuzifidia hasara.

Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuona habari hii haimhusu. Inamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, matatizo ya mchapishaji mdogo ni yale yale anayoyajua yeye: mtaji uliolala, wateja wanaochukua mali kauli, kodi inayobadilika ukivuka geti. Pili, mahali kitabu kilipokwama pana biashara ambayo haijapata mtu wa kuishika.

Hesabu ya nakala 2,000

Ili kuelewa kwa nini mpaka ni jambo la kufa na kupona kwa mchapishaji, ni vizuri kuanza na hesabu. Takwimu zifuatazo ni mfano tu wa kuonyesha mwenendo wa biashara, si bei za kampuni fulani.

Chukua riwaya ya Kiswahili inayouzwa Sh 20,000 za Tanzania. Uhariri, upangaji wa kurasa na jalada vimegharimu Sh milioni 4. Gharama hii haibadiliki, ziwe zinachapwa nakala 10 au 10,000. Kuchapa nakala 2,000 kunagharimu Sh 5,000 kwa kila nakala, yaani Sh milioni 10. Jumla ni Sh milioni 14, na zimetoka mfukoni kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa.

Kila nakala ikiuzwa, duka linabaki na asilimia 35, yaani Sh 7,000. Mwandishi anapata mrabaha wa asilimia 10, yaani Sh 2,000. Mchapishaji anabaki na Sh 11,000. Ili arudishe Sh milioni 14 zake anahitaji kuuza nakala 1,273. Kama soko la nchi moja linanunua nakala 600 kwa mwaka, itamchukua zaidi ya miaka miwili kurudisha mtaji, bila kuhesabu pango, mishahara na usafiri. Akiuza zote 2,000 atabaki na Sh milioni 8, zilizotawanyika katika miaka mitatu na zaidi. Mwenye duka la nguo hawezi kuishi kwa mzunguko wa namna hiyo.

Mtu anaweza kusema achape kidogo. Hapo ndipo mtego ulipo. Akichapa nakala 500 tu, mpiga chapa hatampa bei ile ile, kwa sababu kuandaa mashine na pleti kunagharimu sawasawa. Tuseme bei inapanda hadi Sh 9,000 kwa nakala. Uchapaji ni Sh milioni 4.5, na ile gharama ya mwanzo ya Sh milioni 4 iko pale pale. Jumla Sh milioni 8.5. Kwa Sh 11,000 anazobaki nazo, angehitaji kuuza nakala 773, na amechapa 500. Ana hasara hata zikiisha zote. Njia pekee ni kupandisha bei ya kitabu hadi karibu Sh 31,000, na hapo msomaji anageuza kisogo.

Sasa igeuze hesabu upande wa pili. Soko likipanuka hadi nchi tatu, akachapa nakala 4,000 na bei ya uchapaji ikashuka hadi Sh 3,800, gharama yote ya kila nakala inakuwa Sh 4,800, badala ya Sh 7,000 za nakala 2,000 na Sh 17,000 za nakala 500. Anaweza kupunguza bei, kumwongezea mwandishi na kumwachia mbebaji faida ya kueleweka. Kwa mchapishaji mdogo, basi, mpaka ndio unaoamua kama kitabu kina faida au kina hasara.

Mali kauli na mchwa

Huzuni ya kwanza ya kazi hii iko kwenye malipo. Mnunuzi wa mitumba hulipia belo lake kabla ya kulifungua, na akikuta nguo mbovu ni bahati yake. Katika vitabu ni kinyume. Duka huchukua mali kauli, hulipa baada ya kuuza, na kisichouzwa hurudishwa. Kinarudi jalada likiwa limechubuka na kurasa zimepigwa jua, hakiuziki tena kwa bei kamili. Mchapishaji amegeuka benki ya mwenye duka bila riba.

Huzuni ya pili ni stoo. Karatasi haipendi unyevu wa Pwani, na mchwa hawachagui riwaya wala kamusi. Kila mwezi kitabu kinapokaa kinalipiwa pango.

Ya tatu ni wizi. Kitabu kikianza kupendwa, hasa kikiteuliwa kusomwa shuleni, nakala haramu hutokea mitaani kabla mchapishaji hajachapa toleo la pili. Anayeiba hakumlipa mhariri, hamlipi mwandishi, na hakubeba hasara ya vitabu vingine 9 ambavyo havikuuzwa. Analipia karatasi na wino tu, kwa hiyo lazima auze kwa bei ya chini. Siku hizi kuna na njia rahisi zaidi: kitabu kinapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kinatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na wanaokituma wanaamini wametenda wema.

Serikali kama mteja, Serikali kama mshindani

Katika ukanda huu pesa ya vitabu iko shuleni. Kampuni iliyopata kitabu cha kiada hutumia faida yake kulipia riwaya na diwani za mashairi ambazo hazijilipi. Kwa hiyo kila sera ya vitabu vya shule ikibadilika, wachapishaji wadogo hutikisika.

Tanzania ilifungua mlango huo mwaka 1991, pale sera mpya ilipowapa wachapishaji binafsi nafasi ya kuandaa vitabu vya kiada, kazi iliyokuwa mikononi mwa Serikali. Mwaka huo huo ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao uliwapa wachapishaji uhakika kwa kununua sehemu ya nakala za kila kitabu cha watoto ulichokikubali na kuzipeleka shuleni. Katika mazingira hayo Walter Bgoya, aliyekuwa ameliongoza shirika la umma la Tanzania Publishing House tangu mwaka 1972, alianzisha kampuni yake ya Mkuki na Nyota. Kuanzia katikati ya muongo wa 2010 gurudumu liligeuka tena: kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Waliokuwa wamewekeza kwenye miswada ya shule walibaki nayo mikononi.

Kenya ilipita njia nyingine. Januari 2018 Serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji, kitabu kimoja kilichoshinda zabuni kwa kila somo, na wachapishaji wakatakiwa kuvifikisha shuleni. Wanafunzi wengi walipata vitabu vyao wenyewe, na hilo ni jambo jema. Lakini maduka ya vitabu ya miji midogo, ambayo yalikuwa yakiishi kwa vitabu vya kiada na kuweka riwaya chache pembeni, yalipoteza sehemu kubwa ya biashara. Duka likifungwa Busia au Migori, mchapishaji wa riwaya amepoteza rafu ambayo hakuwa akiilipia. Walioshinda zabuni nao wamekuwa wakilalamika kuhusu malipo yanayochelewa kwa vitabu walivyokwisha kuvipeleka.

Kampuni kubwa inaweza kuvumilia deni la Serikali kwa mwaka mzima. Kampuni ya watu watano haiwezi. Ndiyo maana wachapishaji wadogo wengi wamejifunza kuiogopa zabuni wanayoitamani.

Mpaka ulipofungwa

Soko moja la vitabu si ndoto mpya. Liliwahi kuwapo. Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, kwa ajili ya nchi zote za eneo hili. Nia ya wakoloni ilikuwa yao, lakini matokeo yalikuwa kwamba Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58 lililoendeshwa na idara hiyo, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Ndipo msomaji wa Kiswahili alipompata mpelelezi Bwana Msa.

Baada ya uhuru, East African Publishing House ilianzishwa Nairobi mwaka 1965. Mwaka uliofuata ilichapisha Song of Lawino ya Mganda Okot p'Bitek. Mwandishi Mganda, mchapishaji wa Nairobi, wasomaji hadi Dar es Salaam: hivyo ndivyo soko la pamoja linavyofanya kazi.

Halafu siasa ikaingia. Uganda ya Idi Amin, kuanzia mwaka 1971, iliporomoka kiuchumi na soko lake la vitabu likaporomoka nayo. Mwaka 1977 Jumuiya ya zamani ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mchapishaji wa Nairobi mwenye orodha ndefu ya vitabu vya Kiswahili, hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa duka akiwa ndani na mali yake. East African Publishing House haikupona kwa pigo la masoko hayo mawili pamoja na madeni, na ilikufa katika miaka ya 1980.

Kila nchi ikajifunza kuchapisha peke yake. Fountain Publishers ilianzishwa Kampala mwaka 1988 na James Tumusiime. Mwaka 1992 Henry Chakava alinunua Heinemann ya Kenya kutoka kwa wamiliki wa Uingereza na kuiita East African Educational Publishers. Chakava, aliyefariki Machi 2024, alitumia maisha yake yote ya kazi kuonyesha kwamba kitabu cha Mwafrika kinaweza kumilikiwa na Mwafrika. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Bakame mwaka 1995 ili watoto wapate vitabu vya Kinyarwanda. Mpaka umefunguliwa miaka mingi sasa, lakini tabia ya kuchapisha kwa ajili ya nchi moja ilibaki.

Forodha inasema nini

Watu wengi hudhani ushuru ndio unaokizuia kitabu. Si hivyo. Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, vitabu vilivyochapwa, ambavyo vipo chini ya kichwa 4901, vina ushuru wa asilimia sifuri hata vikitoka nje ya Jumuiya. Hili linaendana na makubaliano ya kimataifa ya UNESCO ya mwaka 1950, yaliyofikiwa Florence, na nyongeza yake ya Nairobi ya mwaka 1976, kuhusu kuachia vifaa vya elimu na utamaduni vipite bila ushuru.

Ugumu uko kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani. VAT hutozwa na nchi mzigo unapofika, na cheti cha uasili wa bidhaa hakiiondoi. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha tu. Kenya iliweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu katika sheria yake ya mwaka 2013, na wachapishaji na wauzaji wamekuwa wakiipigia kelele tangu hapo. Tanzania, katika sheria yake ya mwaka 2014, iliviweka vitabu kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa. Matokeo yake kitabu kile kile kina hali mbili za kodi, upande huu wa geti na upande ule.

Hata msamaha una kasoro yake. Bidhaa iliyosamehewa VAT si sawa na bidhaa yenye VAT ya asilimia sifuri. Mwenye bidhaa ya asilimia sifuri anaweza kudai arudishiwe VAT aliyolipa kwenye malighafi na huduma. Mwenye bidhaa iliyosamehewa hawezi. Mchapishaji wa Dar es Salaam akilipa VAT kwa mpiga chapa, kwenye umeme au kwenye vifaa, gharama hiyo inaishia ndani ya bei ya kitabu.

Kuna na jambo la karatasi. Kitabu kizima kikitoka India kinaingia bila ushuru. Mpiga chapa wa hapa akiagiza karatasi ili achape kitabu hicho hicho, karatasi hiyo inaweza kutozwa ushuru. Lengo lilikuwa kulinda viwanda vya karatasi vya ndani, lakini kiwanda cha Webuye nchini Kenya kilifungwa mwaka 2009 na kukaa kimya miaka kadhaa, na cha Mgololo, Mufindi, kinajulikana zaidi kwa karatasi za vifungashio. Kwa hiyo wachapishaji wengi wa ukanda huu huchapia India, husubiri meli Mombasa au Dar es Salaam, na ajira ya uchapaji inabaki huko ilikochapwa.

Faida isiyoandikwa kwenye daftari

Kwa hesabu hizi, swali la haki ni kwa nini mtu mwenye akili timamu abaki kwenye kazi hii. Jibu liko katika baadhi ya vitabu vyenyewe.

Mwaka 1972 Tanzania Publishing House, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture, kampuni ndogo ya London iliyoanzishwa na Jessica na Eric Huntley, ilitoa How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wachapishaji wawili wasio na mtaji mkubwa walitoa kitabu kinachosomwa hadi leo duniani kote.

Mwaka 2013 Kwani Trust ya Nairobi ilitangaza mshindi wa shindano lake la miswada: Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda. Mwaka 2014 riwaya yake, Kintu, ilichapishwa Nairobi. Wachapishaji wa Marekani na Uingereza waliitoa baadaye, mwaka 2017 na 2018. Waliokuwa wa kwanza kuiona thamani yake walikuwa watu wa Nairobi. Habari hiyo ina furaha na uchungu wake, kwa maana mwandishi alipata dunia, lakini mauzo makubwa ya kitabu yalifanyika mbali na yule aliyekiamini kwanza.

Na mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, ilibainika kwamba watu wa kwao hawakuwa na riwaya zake kwa lugha yao. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ilitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise. Safari za biashara kutoka Pwani kwenda bara, ambazo ndizo kiini cha hadithi hiyo, hatimaye zikasomeka kwa Kiswahili, lugha ya misafara yenyewe.

Hakuna kampuni kubwa ya Ulaya ambayo ingeharakisha kufanya kazi hiyo. Wachapishaji wadogo wakifa, riwaya za Kiswahili hazitahamia kwa wachapishaji wakubwa. Zitabaki kwenye droo za waandishi.

Nafasi ya mfanyabiashara

Mahitaji ya Kiswahili yanapanuka kuliko rafu zake. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikipitisha kuwa moja ya lugha rasmi za Jumuiya mwaka 2021. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka huo huo, ikiwa na mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili mashariki na kusini mwake. Malori yanayotoka Dar es Salaam kupitia Tunduma na Kasumbalesa hufika Lubumbashi kila siku. Mwalimu wa Kampala aliyeagizwa kufundisha Kiswahili anahitaji kamusi, hadithi fupi na vitabu vya watoto, na vingi kati ya hivyo viko Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi.

Anayetaka kujaribu afahamu mambo machache. Vitabu vya kiada vya nchi moja havifuati mtaala wa nchi nyingine, hivyo mzigo wa namna hiyo utaoza. Kinachovuka vizuri ni kamusi, riwaya, hadithi za watoto, vitabu vya sarufi na vya ufundi. Msimu ni kabla ya shule kufunguliwa, na uagizaji wake hufanyika wiki kadhaa kabla. Anayenunua kwa fedha taslimu badala ya mali kauli ana nguvu kubwa ya kudai punguzo, kwa sababu fedha taslimu ndicho kitu ambacho mchapishaji mdogo hakioni mara kwa mara.

Kwenye geti, mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya na cheti chake rahisi cha uasili, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Orodha iulizwe forodhani kabla ya kufunga safari. Kitabu kilichoandikwa na kuhaririwa Dar es Salaam lakini kikachapwa India si bidhaa yenye uasili wa Jumuiya, ingawa kwa kuwa ushuru ni sifuri tofauti hiyo haiumizi sana. Cha kuhesabu mapema ni VAT ya kule mzigo unakokwenda. Ankara ionyeshe jina la mchapishaji na namba ya kitabu, ISBN. Namba hiyo ina tarakimu 13, na zile zinazofuata 978 huonyesha nchi: 9966 ni ya Kenya, 9970 ya Uganda, 9976 na 9987 za Tanzania. Kitabu kisicho na ISBN wala jina la mpiga chapa, chenye maandishi yaliyofifia kama kopi, kinaweza kuwa cha wizi, na anayekamatwa nacho hupoteza mzigo na huenda akafikishwa mahakamani.

Kuna na njia ya tatu isiyohitaji lori. Mchapishaji wa Dar es Salaam anaweza kumuuzia mwenzake wa Kampala haki ya kuchapa kitabu kwa soko la Uganda. Linalovuka mpaka ni faili na mkataba, kitabu kinachapwa kule kule, na mwandishi analipwa pande zote mbili. Wachapishaji wa Afrika waliwahi kuonyesha kwamba ushirikiano unawezekana: mwishoni mwa miaka ya 1980 walianzisha African Books Collective, yenye makao Oxford, ili kuuza vitabu vyao Ulaya na Marekani. Kazi hiyo imefanikiwa. Lakini inashangaza kwamba kitabu cha Kampala kina njia iliyonyooka kwenda maktaba ya Marekani, na hakina njia kama hiyo kwenda Mwanza, ng'ambo ya ziwa.

La kuangalia Juni

Yanayoweza kubadilisha hali hii hayahitaji mkutano mpya wa wakuu wa nchi. Kila Juni mawaziri wa fedha wa nchi wanachama husoma bajeti, na mabadiliko ya Ushuru wa Pamoja huanza kutumika Julai 1. Mambo matatu yanatosha kupimia nia yao: kama karatasi ya kuchapia vitabu itaingia kwa ushuru sawa na kitabu kilichokwisha chapwa, kama nchi zitakubaliana hali moja ya VAT kwa vitabu, tena ya asilimia sifuri na si msamaha, na kama vitabu vya hadithi na kamusi vitapewa fungu katika manunuzi ya maktaba na shule, ili pesa ya umma isiishie kwenye vitabu vya kiada peke yake.

Wachapishaji nao wana deni. Wengi wao hawana orodha ya bei kwa shilingi za Kenya au faranga za Rwanda, hawana wakala mpakani, na hujibu oda ya nakala 40 kama usumbufu. Muuza nyanya anayeletewa oda ya kreti 40 hujibu siku hiyo hiyo. Mchapishaji atakayekuwa wa kwanza kumchukulia mfanyabiashara wa Namanga, Mutukula au Kobero kama mteja wa jumla, akampa punguzo analolipa duka na karatasi zilizonyooka, hatalazimika kusubiri bajeti ili aanze kupunguza mzigo ulioko stoo.